Mshenga Asiyekula

Katika ukoo wetu kila mtu ana kazi yake. Yupo anayeongea na polisi, yupo anayejua kuosha maiti, na yupo shangazi anayelia vizuri misibani hata kwa marehemu asiyemfahamu. Kazi yangu mimi ilikuwa kula.

Sisemi hivyo kwa kujidharau. Ukienda kwa watu kutafuta mke, chakula kinachowekwa mbele yako ni sehemu ya mazungumzo. Ukikila vizuri umesema tumewapenda. Ukikichokoachokoa umesema jambo jingine, na wenyeji watabaki wanatafuta ni jambo gani. Kaka yangu mkubwa ana ulimi mtamu, lakini akiongea hawezi kula, na akila hawezi kuongea. Hivyo tuligawana. Tuliwaozesha vijana wengi wa ukoo kwa njia hiyo, yeye akitoa maneno na mimi nikimaliza sahani. Kule Magu nilimla jogoo mzima mbele ya mzee aliyetupokea amenuna, na kabla sijafika shingoni mzee alikuwa anacheka na kuniita mwanangu.

Mwili wangu ulikuwa wa kazi hiyo. Kiwandani Nyakato, ninakosimamia ghala la sabuni, walinitengenezea kiti changu cha chuma baada ya vile vya plastiki kukataa. Kisha magoti yakaanza kuuma, nikawa nakojoa usiku kucha, na mke wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi majibu ya juu juu, akanipeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa mdogo kuliko binti yetu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, nikaitikia marahaba, halafu akanitisha vibaya sana. Sukari ilikuwa juu, presha juu, uzito usiseme. Alinipa vidonge, tukahangaika navyo kwa muda, na mwishowe akaniambia kuna sindano ya kuchoma mara moja kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo, mtu anajichoma mwenyewe. Haikuwa rahisi kuipata Mwanza. Binti yetu anayefanya kazi Dar ndiye aliyekuwa akiinunua kwa cheti cha daktari na kuituma kwa ndege ndani ya kiboksi cha barafu, kama samaki anayesafiri kinyume.

"Inafanyaje kazi?" nilimuuliza daktari.

"Baba, ukila, utumbo wako unatoa kitu kinachopeleka habari kwenye ubongo. Kinasema tumepokea, inatosha. Kwako wewe habari hiyo inafika imechelewa, au inafika na haisikilizwi. Sindano hii inaiga hicho kitu. Na inafanya tumbo lichelewe kushusha chakula, kwa hiyo unashiba mapema na unabaki umeshiba."

"Kwa hiyo tumbo langu litakuwa linadanganywa."

"Litakuwa linakumbushwa," alisema.

Mwanzoni sikuona kitu, kwa sababu tulianza na dozi ndogo. Dozi ilipopanda, ndipo jambo likatokea, na sijui kama watu wembamba watanielewa. Kichwani mwangu, tangu utotoni, kulikuwa na sauti ya chakula isiyonyamaza. Nikinywa chai ya asubuhi, sauti inatangaza mchana kutakuwa na nini. Nikiwa kanisani, inakumbusha kuna kiporo cha wali. Nilidhani ndivyo kila mtu alivyo, na kwamba wenzangu wana adabu tu ya kutosema. Siku moja ile sauti ikazima. Nilikaa ghalani kati ya maboksi ya sabuni nikisikiliza, kama mtu aliyezoea mashine ya kusaga iliyo jirani na nyumba yake, halafu siku hiyo umeme umekatika.

Jioni nilishuka Igogo kama kawaida. Kuna mama pale anakaanga sato, na kwa miaka sikuwahi kupita karai lake bila kusimama. Siku hiyo nilifika mwisho wa mtaa ndipo nikagundua nimeshapita. Nikarudi kuhakikisha. Nikasimama mbele ya karai, nikamtazama samaki, samaki akanitazama. Nilimwona kama ninavyoona misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi wakati sijengi chochote. Kitu kizuri, kina kazi yake, lakini si yangu.

"Umehamia kwa nani?" yule mama akauliza kwa uchungu. "Niambie tu. Ni yule wa pale kwenye kona?"

"Sijahama, mama. Sina njaa."

"Wewe?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Basi mrudie salama huyo wa kwenye kona."

Haikuwa raha tupu. Kulikuwa na kichefuchefu, hasa nikisikia harufu ya mafuta yaliyopikiwa mara nyingi. Choo kikawa kigumu. Na kulikuwa na kucheua kwa aina yake, kwenye harufu ya yai lililooza, kunakokuja bila kubisha hodi. Lakini suruali zilianza kuteremka, magoti yakapoa, na soda, ambayo nilikuwa nainywa kama maji, ikawa tamu mno hadi nikaitema.

Huku kwetu mtu akinenepa anapongezwa, na akikonda anaombewa. Kiwandani watu walianza kunisalimia kwa sauti ya chini. Mwenzangu mmoja wa idara ya usafirishaji alinivuta nyuma ya lori, akanishika bega, akasema, "Mzee, siku hizi dawa zipo. Watu wanaishi miaka na miaka, wanasomesha watoto. Usikate tamaa." Nilijua anamaanisha ugonjwa gani. Nilitaka kumweleza, nikaona macho yake yamelowa, nikakosa nguvu ya kumwondolea huruma nzuri namna ile. Nikamshukuru. Jumapili iliyofuata wanakwaya walikuja nyumbani kuniombea, wakala chakula chote cha siku, na walipoondoka walisema nyumba yetu ina baraka.

Hapo ndipo kaka yangu alipopiga simu.

Mtoto wake wa kiume alikuwa amepata mchumba, kwao ni ng'ambo ya ziwa, ukishavuka kwa kivuko cha Kamanga unaenda kidogo na pikipiki. "Baba wa binti ni mzee wa zamani," kaka alisema. "Anapima watu kwa sahani. Wale waliotangulia kwenda kumchumbia binti yake mwingine aliwafukuza kwa sababu mshenga wao alibakisha nyama. Jiandae."

Mke wangu alinishauri nimpigie daktari, nikampigia.

"Daktari, naomba niruke sindano ya wiki hii."

"Hata ukiruka, ya wiki iliyopita bado imo mwilini, baba. Haiondoki kwa siku moja. Kuna nini?"

"Naenda kula."

"Kula kidogo, taratibu. Ukijilazimisha utatapika."

"Daktari, ni ukweni."

"Basi Mungu akusaidie," alisema, na akakata.

Ijumaa jioni tulifanya mazoezi. Mke wangu alisonga ugali, akaweka na nyama, akakaa mbele yangu akijifanya mkwe. Tonge la kwanza lilishuka. La pili likashuka likiuliza maswali. La tatu lilisimama kifuani, jasho likanitoka, na mke wangu akaacha kuwa mkwe, akaleta beseni.

Kwenye kivuko nilijaribu kumwambia kaka. Lakini injini zilikuwa zinanguruma, upepo wa ziwani unapiga makoti yetu, na yeye alikuwa anakariri maneno ya utangulizi akiyatazama maji. "Wewe kula tu," alinikatiza, "mengine niachie." Aliutazama mwili wangu, ambao hakuwa ameuona kwa muda. "Naona umejinyima kabisa ili uje na nafasi. Ndiyo maana nakupenda."

Wenyeji walitupokea vizuri. Baba wa binti alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata ndani. Pembeni yake alikaa dada yake, shangazi wa binti, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Tuliwaamkia, wakaitikia, tukaulizana habari za mvua na za mifugo, na kaka alipokohoa ili aanze hotuba yake, mzee akainua mkono.

"Kwanza chakula. Mtu mwenye njaa huahidi asichoweza."

Kikaja. Ugali wa muhogo uliopandishwa kama kichuguu. Sato mzima amelala kwenye mchuzi, mkia umetoka nje ya sinia. Mbuzi. Kuku. Viazi vikavu vilivyochemshwa, matobolwa, na karanga zake. Maziwa mgando kwenye kibuyu. Nilivitazama vyote kama mtu anavyotazama mlima ambao ameambiwa ausogeze. Nikanawa. Nikaanza.

Nilifanya kila hila. Nilifinyanga matonge madogo na kuyatafuna sana. Niliusifia mchuzi kwa maneno mengi ili mdomo uwe na kazi nyingine. Nilimhamisha samaki kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule. Lakini tumbo lilikuwa limefunga ofisi. Nikaweka mkono chini.

Mzee akaacha kutafuna.

"Samaki ana kasoro?"

"Hapana mzee, samaki ni mzuri sana."

"Mbona unamsindikiza tu?"

"Nimeshiba, mzee."

Neno lile lilianguka pale sebuleni kama tusi. Shangazi alimtazama kaka yake. Waliinuka wote wawili, wakatoka uani, tukawasikia wakinong'ona. Kaka yangu akanigeukia kwa macho ya mtu aliyeona mwenzake anavua nguo sokoni. Kabla sijafungua mdomo wakarudi, wakaketi.

"Tumeelewa," mzee alisema. "Mmesikia habari za marehemu baba yangu. Tulijua zitawafikia. Ni kweli, zile ng'ombe za jirani zilikutwa zizini kwake. Lakini zilirudishwa zote, na ndama mmoja juu yake. Tusingependa mambo ya kale yaharibu ya watoto."

Sisi hatukuwa tumesikia kitu chochote. Ila kaka yangu hajapata kuachwa na nafasi. Uso wake ulibadilika palepale, ukawa uso wa mtu anayejua mengi na anayesubiri. "Tunashukuru mmelisema wenyewe," alijibu kwa upole, na chini ya meza akanikanyaga mguu. Nilielewa maana yake. Alidhani nimebuni mbinu mpya, na alitaka niendelee.

"Basi kula," mzee akaniambia.

Shangazi akanisogezea kuku. Harufu ya mafuta ilinifikia, nikageuza uso bila kukusudia.

"Aah," shangazi alisema kwa huzuni. "Na hilo pia mnalijua. Sawa. Binti yetu aliwahi kuchumbiwa. Mwalimu mmoja wa Geita. Alikuja, akakaa, akaondoka siku moja bila kuaga. Baiskeli yake iko nyuma ya nyumba mpaka leo. Hatuipandi, hatuiuzi. Mkitaka, tutaitoa leo hii."

"Baiskeli," kaka yangu alirudia polepole, akitikisa kichwa kama mtu aliyekuja hasa kwa ajili ya baiskeli.

"Na kama ni mimi mnanifikiria," shangazi aliongeza, sauti imepanda, "ndiyo, nimeachika mara mbili. Lakini hilo si la kurithi!"

"Shangazi, hapana," nilisema. "Jamani, mimi..."

"Kunywa basi maziwa, mwanangu, nijue tumesameheana."

Sikuweza kumkatalia. Nilichukua kibuyu, nikapiga funda moja. Yalishuka, yakakuta foleni, na kilichorudi juu kilikuwa ile hewa yangu ya yai. Niliziba mdomo lakini nilichelewa. Ilitoka ndefu, ikatulia katikati yetu. Mzee akafumba macho. Kaka yangu akajifanya anasoma kalenda ya ukutani.

"Yatosha," mzee alisema bila kufumbua macho. "Mwiteni mwenyewe aje aseme."

Binti aliingia, akapiga magoti, akatuamkia. Ni fundi wa umeme wa jua, huzunguka vijijini kufunga paneli juu ya mapaa, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya kazi. Aliangalia sahani yangu, akaangalia ya kaka, akamgeukia shangazi yake.

"Si nilikwambia watajua?"

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi." Alitugeukia sisi, machozi yamemlenga. "Baba zangu, chakula hiki sikupika mimi. Wala ugali, wala samaki, wala kitu. Alipika shangazi, akasema niseme ni mimi. Mimi sijui kupika. Nilipika Krismasi ile nyingine, na kila mtu hapa anakumbuka. Kama ndicho mnachokatalia, mna haki. Lakini mtoto wenu nilishamwambia."

Mzee aliinamisha kofia, shangazi akafunika uso kwa kanga, na kaka yangu, mtu wa maneno, akajijaza karanga mdomoni. Nilimwona yule binti amepiga magoti mbele ya samaki wangu mzima, anasubiri hukumu. Nikainuka.

"Hakuna tulichosikia," nilisema. "Hatujui habari ya ng'ombe, wala ya mwalimu, wala ya baiskeli. Chakula ni kizuri kuliko nilichowahi kuletewa. Mimi ni mgonjwa wa sukari. Najichoma sindano. Hiyo sindano inaondoa njaa. Ndiyo maana sili."

Mzee alivua kofia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, kwa sababu hata dada yake alishtuka.

"Inaondoa nini?"

"Njaa, mzee. Na hamu."

"Mimi nimelima toka nikiwa kijana mpaka mgongo umepinda ili kuondoa njaa kwenye nyumba hii," mzee alisema, "kumbe kuna sindano."

"Wewe unachoma sindano?" kaka yangu aliuliza. "Toka lini? Mbona husemi?"

Hawakuniamini kwa maneno matupu. Ilibidi nitoe shati kwenye suruali na kuonyesha tumbo. Shangazi alitafuta miwani yake, akaivaa, akainama hadi pumzi yake ikanitekenya kitovu. "Sioni kitu," alitangaza. "Ni sindano nyembamba sana," nilimwambia. Mzee naye akasogea, akanibonyeza ubavuni kwa kidole kama anayekagua fahali mnadani, akauliza kama inaweza kuchomwa kwa mbuzi. Alikuwa na beberu aliyekuwa akimgombanisha na majirani kwa kula mihogo yao.

"Kaka, nyamaza," shangazi alisema. Kisha akanigeukia kwa sauti laini ambayo hakuwa ameitumia siku nzima. "Mwanangu, hiyo inapatikana wapi?"

Nilimweleza kuwa lazima kwanza aonane na daktari, apimwe, kwamba si dawa ya kununua tu kwa mtu, na kwamba mimi mwenyewe ilinisumbua. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza tena inapatikana wapi.

Ila likabaki tatizo. Mzee aliketi, akairudisha kofia. "Sasa haya tuliyoyasema sisi?" aliuliza. "Tumejivua nguo mbele ya wageni kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyejua yatarudishwaje. Kaka yangu akaiweka pembeni ile hotuba yake yote na kusema maneno ambayo hakuyakariri.

"Kijana wetu alifukuzwa chuo mwaka wa kwanza, akarudi kwa kuomba. Mama yake na mimi tulitengana, tukarudiana, majirani waliamua. Na..." Alisita. "Anaogopa ng'ombe. Msukuma mzima. Akiona ng'ombe amefunguliwa anapanda juu ya kitu."

"Hilo najua," binti alisema kutoka pale chini. "Alipanda juu ya paneli yangu."

Mzee alianza kucheka polepole, mabega kwanza. Kisha ikamshika hasa, akacheka mpaka akakohoa na dada yake akampiga mgongoni. Tulicheka wote, na mimi nikicheka nilibana midomo kwa kuhofia ile hewa. Baada ya hapo mambo ya mahari yalikwenda bila kelele, kama watu waliomaliza kugombana na sasa wanagawana nyama. Tulipoondoka walitufungia yule samaki na kuku kwenye ndoo, na mzee aliniambia nyumba yake imewahi kupokea washenga waongo, walevi, hata mmoja mwizi, ila hajui mimi ni wa jamii gani.

Ndoa ilifungwa, na wale vijana wanaishi. Kijana wetu ndiye anayepika.

Siku ile, kwenye kivuko cha kurudi, kaka alikula kuku peke yake, akiutazama mji unavyosogea na mawe yake. Alipomaliza alifuta mikono, akasema bila kunitazama, "Mimi nina presha. Mwaka wa pili huu. Nilipewa vidonge, nikavificha ndani ya viatu vya harusi yangu."

"Unavinywa?"

"Viatu sivivai."

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari wangu. Alimwamkia shikamoo, akampima kila kitu, akamwambia anywe vidonge vyake, apunguze chumvi, na atembee kila asubuhi. Kaka alisubiri. Daktari akafunga faili.

"Na sindano?" kaka aliuliza.

"Wewe huihitaji, baba. Sukari yako nzuri, uzito si mbaya."

Sijamwona mtu aliyeumia vile kwa kuambiwa ni mzima kuliko alivyodhani. Njia nzima alinung'unika kwamba nimependelewa, kama nilivyopendelewa na mama tulipokuwa wadogo. Lakini anatembea. Nakutana naye alfajiri kandokando ya ziwa, tunaongozana hadi kwa mama mmoja anayechoma maandazi mwisho wa barabara. Mimi nachukua nusu andazi, natafuna kidogo kidogo nikiangalia maji, na wakati mwingine nagundua kwamba ni tamu. Kaka anakula matano, anafuta midomo, na anarudi nyumbani kwa pikipiki.